Umeme Kidogo, Kambi Kubwa: Kupanga Matumizi ya Sola Vigangoni



Shule zinapofungwa, parokia huanza kuandaa kambi: kambi za miito, kambi za vijana, kambi za Utoto Mtakatifu, mafungo ya kwaya. Sisi waseminari hutumwa kusaidia. Tunabeba magodoro, sufuria, vitabu vya nyimbo, spika na maiki, tunakwenda kwenye kigango kilichochaguliwa, na kwa siku tatu au nne watoto na vijana zaidi ya mia hukaa pamoja mahali ambapo siku za kawaida panahitaji taa mbili tu.

Katika kambi moja upande wa Nyakisasa tulipata somo ambalo hatujalisahau. Kigango hakikuwa na umeme. Tulikuwa na gari la parokia, na mtu mmoja kati yetu akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba betri ya gari inatosha. Tukaunganisha amplifaya, taa mbili, na waya wa kuchajia simu. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku tuliimba, tukafundisha, tukacheka. Saa nane usiku msichana mmoja akapatwa na homa kali, akaanza degedege. Muuguzi aliyekuwa nasi akasema mtoto apelekwe hospitali mara moja. Dereva akazungusha ufunguo. Gari likatoa sauti ya "ka, ka, ka", kisha likanyamaza.

Bahati yetu ilikuwa mteremko. Tulilisukuma gari gizani, vijana ishirini wenye kandambili, hadi likawaka. Mtoto alifika hospitali, akatibiwa, akapona. Lakini tuliorudi kambini kwa miguu hatukulala tena. Tulijua kwamba laiti kanisa lile lingejengwa kwenye tambarare, habari ingekuwa nyingine.

Makala hii imetokana na usiku ule. Tunataka kueleza, kwa hesabu nyepesi, jinsi ya kupanga umeme kidogo ili utoshe watu wengi, usiharibu vifaa vilivyonunuliwa kwa sadaka za waamini, na usihatarishe uhai wa mtu.

Umeme uko karibu, lakini haujafika hapa

Wilaya yetu ya Ngara ina maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, mpakani na Rwanda. Hapo pana mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa sawa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umefikisha nguzo katika vijiji vingi. Hata hivyo, nguzo kufika kijijini si sawa na waya kufika kigangoni. Vigango vingi vilijengwa juu ya kilima au kitongojini, mbali na barabara, na kuvuta waya hadi huko ni gharama. Na hata palipo na umeme wa TANESCO, mvua kubwa au mti ulioanguka unaweza kuukata siku ile ile ya kambi.

Kwa hiyo wengi wetu tunategemea paneli za sola, betri, na mara nyingine jenereta ndogo. Tusijione wanyonge kwa hilo. Huko Marekani wako watu wanaosafiri kwa magari makubwa yenye vitanda, jiko na friji ndani. Wakifika kwenye viwanja vya kupigia kambi huunganishwa na soketi ya ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Huo ni umeme ambao kigango chetu hakiuoti. Bado nao hulazimika kuchagua: wakiwasha kiyoyozi, birika na jiko la umeme kwa pamoja, swichi inakata na wote wanakaa gizani. Mwenye kingi na mwenye kidogo wote wanatawaliwa na kanuni moja: huwezi kutumia usichokuwa nacho. Tofauti ni kwamba sisi tunafika ukingoni mapema zaidi.

Mdomo wa mtungi na ujazo wa mtungi

Kosa la kwanza ni kuchanganya wati na wati-saa. Tufikirie mtungi wa maji. Mtungi una mdomo, na una ujazo. Mdomo ukiwa mwembamba, hata mtungi ukiwa umejaa huwezi kumimina maji mengi kwa mara moja. Na mdomo ukiwa mpana, mtungi mdogo utakwisha upesi.

Wati ni kama mdomo: zinaonyesha ni umeme kiasi gani unapita kwa wakati mmoja. Inveta ya wati 1,000 haiwezi kuendesha pasi ya wati 1,200, hata betri ikiwa imejaa. Wati-saa ni kama ujazo: zinaonyesha ni umeme kiasi gani umetumika kwa jumla. Taa ya wati 7 ikiwaka saa 10 imetumia wati-saa 70.

Betri huandikwa kwa volti na ampea-saa. Ukizidisha, unapata wati-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400. Hapo wengi hufurahi. Wasubiri kidogo. Betri ya asidi na risasi, ambayo ndiyo tunayoizoea, haipaswi kushushwa chini ya nusu, tukitaka ikae miaka. Kwa hiyo tunabaki na wati-saa 1,200. Inveta nayo hula sehemu yake inapobadilisha volti 12 kuwa volti 230. Mkononi tunabaki na kama wati-saa 1,000 za kutumia.

Kuandika matumizi kabla ya kuondoka nyumbani

Mhasibu wa parokia hawezi kupanga bajeti bila kujua mapato na matumizi. Nasi tuchukue daftari. Tuchukulie kambi ya vijana 120, na tuandike kila kifaa, wati zake, na saa kitakazowaka kwa siku moja:

– Taa kumi za LED za wati 7, saa 5: wati-saa 350.
– Taa tatu kati ya hizo kuachwa usiku kucha kwa usalama, saa 7 zaidi: wati-saa 147.
– Amplifaya na spika, wastani wa wati 60, saa 4: wati-saa 240.
– Kinanda cha wati 20, saa 3: wati-saa 60.
– Projekta ya wati 200, saa 2: wati-saa 400.
– Kompyuta mpakato ya wati 50, saa 3: wati-saa 150.
– Simu 60, kila moja wati-saa 18 kwa kujaa mara moja: wati-saa 1,080.

Jumla ni wati-saa 2,427 kwa siku.

Tutazame mstari wa mwisho. Tumezoea kudhani kwamba spika ndiyo inayokula umeme kwa sababu inapiga kelele, na simu haili kitu kwa sababu ni ndogo. Daftari linasema kinyume. Simu 60 zinakula zaidi ya taa, spika na kinanda vikijumlishwa. Huu ndio wizi usio na mwizi: kila mmoja anachomeka chake kidogo, na hakuna anayejiona amekosa.

Tutazame pia kisichokuwamo kwenye orodha: birika la umeme. Birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika sita linatumia wati-saa 200. Umeme huo ungewasha taa ya wati 7 kwa saa 28. Maji ya chai na yachemke kwenye mafiga. Kitu chochote kinachotoa joto kwa umeme, iwe pasi, birika, hita au jiko la koili, hakina nafasi kwenye sola ya kigango.

Mapato: jua linatupa nini?

Paneli mbili za wati 200 zinatupa wati 400, lakini hizo ni wati za jua kali la mchana, paneli ikiwa safi na isiyo na kivuli. Jua la asubuhi na jioni ni dhaifu. Kwa hesabu ya tahadhari tunachukua saa nne na nusu za jua kamili kwa siku: wati 400 mara 4.5 ni wati-saa 1,800. Kisha tunaondoa hasara za joto, vumbi, waya, betri na inveta, kama asilimia 30. Tunabaki na wati-saa 1,260.

Matumizi 2,427, mapato 1,260. Kambi hii itakuwa gizani usiku wa pili. Ni afadhali kulijua hilo tukiwa bado nyumbani.

Mambo matatu madogo huongeza mapato. La kwanza ni kivuli. Jani moja la mgomba likilalia sehemu ya paneli, paneli nzima hupungukiwa sana, si ile sehemu peke yake. Kabla ya kuweka paneli, simama hapo saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, uone kivuli kinaangukia wapi. La pili ni vumbi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara zetu hupaka kila kitu rangi nyekundu. Paneli ifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi ingali baridi. La tatu ni mwelekeo. Ngara iko karibu sana na Ikweta, kwa hiyo paneli huwekwa karibu kulala, ikiinamishwa kidogo ili mvua iioshe. Kwa kambi ya Juni au Julai tuielekeze kaskazini, maana jua liko upande huo. Kwa kambi ya Desemba tuielekeze kusini.

Kupunguza bila kuwaumiza watu

Sasa tunarudi kwenye daftari tukiwa na kalamu. Hatuanzi kwa kuuliza nani ana sauti kubwa kuliko wengine, tunaanza kwa kuuliza kipi kikikosekana mtu anaumia. Mpangilio wetu ni huu:

Kwanza, uhai na usalama: taa ya chooni, taa ya bweni la wasichana na la wavulana, taa ya muuguzi, na simu mbili za dharura ambazo hazikosi chaji.

Pili, liturujia. Hapa tuwe wakweli. Misa haihitaji wati hata moja. Altare huwekewa mishumaa, na taa ya Ekaristi Takatifu, ambayo Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 940 inataka iwake daima mbele ya tabernakulo, kwa desturi hutumia mafuta au nta. Isitegemee betri inayoweza kuzima usiku. Maiki inasaidia watu kusikia, lakini wazee wetu waliinjilishwa bila maiki. Basi maiki tunaipanga kwa kiasi: homilia na masomo, si mazoezi ya kwaya.

Tatu, mafundisho: projekta na kompyuta.

Nne, simu za washiriki.

Tano, muziki wa burudani na mengineyo.

Kwa mpangilio huo tunapata bajeti mpya. Taa nane kwa saa 4: 224. Taa tatu za wati 5 usiku kucha: 105. Spika saa 3: 180. Kinanda: 60. Projekta saa moja: 200. Kompyuta saa 2: 100. Simu 20 kwa siku, kwa zamu za vikundi, ili katika siku tatu kila mwenye simu apate zamu moja: 360. Jumla ni wati-saa 1,229. Sasa tuko chini ya mapato, na akiba ya wati-saa 1,000 iliyo ndani ya betri haijaguswa.

Akiba hiyo ni ya siku ya mawingu. Mvua ikinyesha siku nzima, mapato yanaweza kushuka hadi nusu, tuseme 600. Siku ya kwanza ya mvua tutachota kama 630 kwenye akiba, ibaki 370. Siku ya pili, asubuhi ile ile, tunasimamisha projekta na simu za washiriki. Matumizi yanakuwa 669, tunachota kama 70 tu, na akiba inabaki 300. Hakuna aliyekaa gizani. Lakini uamuzi lazima ufanywe asubuhi. Akingoja hadi saa mbili usiku, msimamizi hana tena cha kuamua.

Jambo jingine: simu na kompyuta zichajiwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa juu. Umeme unaotoka kwenye jua na kutumika papo hapo haulazimiki kuingia kwenye betri na kutoka tena, na kila unapoingia na kutoka, kiasi hupotea. Usiku betri ibaki kwa taa.

Betri: mali ya waamini

Tumeona vigango ambavyo waamini walichanga mwaka mzima, wakauza maharage na ndizi, wakanunua betri mbili nzuri. Baada ya mwaka mmoja betri zimekufa, na watu wanasema waliuziwa bandia. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi betri iliuawa taratibu: ilishushwa hadi mwisho kila usiku, kisha ikaachwa siku kadhaa bila kujazwa. Betri ya asidi na risasi ikikaa tupu, fuwele za salfeti huganda kwenye sahani zake, na haipokei tena chaji kama zamani.

Dawa yake ni mita ndogo ya volti, yenye bei ndogo sana ukilinganisha na betri. Pima alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Betri ya volti 12 iliyotulia ikisoma 12.7 imejaa. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu. Ikisoma 12.2 iko nusu, na hapo ndipo pa kusimama. Ikisoma 12.0 tayari imeumia. Namba hiyo iandikwe ukutani au kwenye daftari kila siku. Katekista hahitaji kuwa fundi ili aone kwamba wiki hii namba inashuka kila asubuhi.

Betri za lithiamu zinazoanza kuenea huvumilia kushushwa hadi asilimia 80, na hudumu zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Lakini volti zake hazishuki polepole: hukaa karibu palepale, kisha huanguka ghafla. Kwa hizo, mita ya volti haitoshi. Inahitajika mita inayohesabu umeme unaoingia na kutoka.

Betri za asidi zenye vifuniko huongezwa maji ya betri, si maji ya kisima. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Kwa hiyo haziwekwi sakristia karibu na mishumaa na chetezo. Ziwe kwenye chumba au sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na watoto.

Waya mrefu, umeme mfupi

Mara nyingi betri inakaa nyumba ya katekista na taa inatakiwa bwenini, mita ishirini kutoka hapo. Fundi anavuta waya wa volti 12, na taa inawaka kama kibatari. Sababu ni waya. Ampea 10 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwenda mita 20 na kurudi mita 20, karibu volti 2.75 hupotea njiani. Kati ya volti 12, hiyo ni hasara kubwa. Umeme ule ule ukisafiri kwa volti 230 unapoteza kidogo mno, hata haionekani.

Kanuni ni rahisi: waya wa volti 12 uwe mfupi na mnene, na inveta ikae karibu na betri. Umbali uvukwe kwa volti 230. Lakini volti 230 huua. Ekstensheni isipite kwenye nyasi zenye umande au dimbwi, viungio visifungwe kwa nailoni, na mtu mwenye mikono yenye maji asiguse soketi. Karibu na kichwa cha betri pawe na fyuzi. Betri ni tulivu kwa kuitazama, lakini waya zake zikigusana hutoa cheche za kuunguza nyumba.

Gari la parokia si jenereta

Tunarudi usiku ule. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kupiga stata, kisha ijazwe tena na injini. Haikutengenezwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Tulikuwa tumeunganisha kama wati 160. Kwa volti 12 hizo ni ampea 13. Kwa saa nne tulitoa ampea-saa 53 kwenye betri yenye kama 70. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita angeifanya. Hatukuifanya.

Huku kwetu gari la parokia mara nyingi ndilo gari la wagonjwa. Ndilo linalompeleka mama mjamzito Rulenge au Murgwanza usiku. Kwa hiyo tumejiwekea sheria: kwenye kambi, gari halichomekwi kitu injini ikiwa imezimwa, jioni linaegeshwa likielekea njia, na dereva anajaribu kuliwasha kabla ya kulala. Anayetaka kutumia gari kama chanzo cha umeme anunue betri ya pili, iwekewe swichi ya kuitenganisha na betri ya stata, ili ya pili ikiisha ya kwanza isiguswe.

Jenereta na moshi usioonekana

Jenereta ndogo inasaidia siku za mvua. Itumike kwa busara: iwashwe mchana kwa saa mbili au tatu, ichaji betri na simu kwa pamoja, kisha izimwe. Kuiwasha usiku kucha kwa ajili ya taa tatu ni kuchoma petroli bure, maana injini hunywa hata ikiwa haina mzigo.

Hatari kubwa iko kwenye moshi wake. Ndani yake mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huipumua bila kujua, naye haamki. Jenereta isiwekwe kamwe ndani ya nyumba, verandani, wala karibu na dirisha au hema, hata mvua ikinyesha. Iwe angalau mita sita kutoka watu wanapolala, moshi ukielekea upande wa upepo unakokwenda. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Usiku wa Julai milima ya Ngara huwa na baridi, na tunajua kishawishi cha kuingiza jiko bwenini ili watoto wapate joto. Afadhali baridi na blanketi mbili.

Petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto. Na palipo na umeme wa TANESCO, jenereta isichomekwe kwenye soketi ya ukutani bila swichi ya kubadilishia. Umeme wake hurudi kwenye nguzo, na fundi anayetengeneza laini akiamini imekatwa anaweza kufa.

Mtu mmoja ashike daftari

Haya yote hayafanyi kazi kama kila mtu ni msimamizi. Kabla ya kambi, paroko au mlezi ateue mtu mmoja wa umeme, na mmoja wa kumsaidia. Anaweza kuwa frateri, kijana wa VIWAWA, au mama wa WAWATA. Kinachohitajika ni uaminifu na uwezo wa kusema hapana kwa upole. Atapima betri alfajiri, atatangaza bajeti ya siku baada ya sala ya asubuhi, atasimamia zamu za simu, na ataandika. Naye asijipendelee. Simu ya frateri ikichajiwa nje ya zamu wakati vijana wamekatazwa, kambi nzima italijua kabla ya chakula cha mchana, na mafundisho ya jioni juu ya haki hayatakuwa na nguvu.

Hapo ndipo umeme unapogusa wito wetu. Katika waraka wa Laudato Si', uliotiwa sahihi tarehe 24 Mei 2015, Papa Fransisko alitaja hata tendo dogo la kuzima taa isiyohitajika, kwenye aya ya 211, kama sehemu ya upendo kwa viumbe. Wengi wetu tulipousoma tulidhani maneno hayo ni ya watu wa miji mikubwa yenye taa nyingi. Kigangoni tuliona kwamba taa inayozimwa chumba kimoja ndiyo inayowaka kwa muuguzi chumba cha pili, saa nane usiku.

Bwana wetu alisimulia juu ya wanawali kumi na taa zao. Wote kumi walisinzia, wote walikuwa na taa. Tofauti yao ilikuwa akiba ya mafuta, na hiyo ilipangwa mchana, kabla mtu yeyote hajapiga kelele usiku. Tulikuwa tumeisikia Injili hiyo mara nyingi. Tuliielewa vizuri zaidi tukiwa nyuma ya gari lisilowaka, tukisukuma.

Tangu wakati ule, katika kila kambi tunayotumwa, tunabeba vitu vitatu vidogo zaidi: mita ya volti, daftari, na tochi mbili zenye betri zake ambazo hazitumiki kwa lolote ila dharura. Uzito wake hauzidi kilo moja. Tunawaomba wenzetu mnaojiandaa kwa likizo, nanyi wenyeviti wa vigango mtakaotupokea, mfanye hivyo hivyo. Na jioni ya kwanza, kabla ya wimbo wa kwanza, mwombeni dereva awashe gari mara moja, mlisikie linaunguruma.